Mwalimu Asiyegeuka

Jumatatu ile Rachel alirudi nyumbani na hesabu za kufanya jioni, na mamake, Everlyne, akafurahi kabla ya kukumbuka kwamba darasa la Rachel halikuwa na mwalimu.

Ukweli wenyewe ni huo. Gredi ya Saba ya pale Rukanga walianza sekondari ya msingi mwezi wa Januari kwa mbwembwe, sare mpya na viatu vya kubana, wakapewa chumba kilichokuwa stoo ya mahindi ya shule, na mwalimu mmoja. Huyo aliitwa Titus, kijana wa mkataba aliyefundisha masomo yote peke yake, kuanzia sayansi hadi muziki. Mkataba ulipokwisha alipanda bodaboda na begi lake mgongoni, akaacha koti lake jeupe la maabara likining'inia msumarini. Maabara yenyewe haijajengwa hadi leo. Wakubwa wa elimu waliahidi kuleta mwingine, na kwa ahadi hao hawajambo.

"Nani amewapa hizi hesabu?" Everlyne aliuliza.

"Si ni mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Wetu wa darasa." Rachel hakuinua kichwa. "Anafunza vizuri, mama. Hachoki."

Everlyne akajiambia huyo lazima ni mwalimu wa bodi, wale wanaolipwa kwa michango ya wazazi. Basi akafyata mdomo, kwa maana anayeulizia mwalimu wa bodi ndiye wa kwanza kuombwa mchango. Wazazi wengine nao walifyata vivyo hivyo, kila mmoja akijiona mjanja kuliko mwenzake, na muhula ukasonga.

Watoto wakasoma kwelikweli. Rachel, ambaye zamani alijibu maswali akitazama vidole vyake vya miguu, sasa alimweleza mamake mzunguko wa damu huku wakipeta pojo. Everlyne aliacha shule darasa la sita ili akalinde shamba. Alitaka jambo moja tu duniani, kwamba mtoto huyu asizeekee mahali ambapo jasho la mwaka mzima huliwa na ndovu kwa usiku mmoja. Alimsikiliza mwanawe na machozi yakamtoka.

Kilichoanza kumsumbua ni harufu. Sare ya Rachel ilinuka chaki iliyolowa na nywele zilizoungua, na hata ikifuliwa mara mbili harufu haikutoka. Kisha Rachel akaanza kuwaita mbuzi kwa kuwapigia makofi, majina yao yamempotea. Everlyne akasema ni uchovu wa masomo. Lakini asubuhi moja, wakifagia uwanja, mtoto alisimama mbele ya kaburi lililo karibu na ua, akalitazama kwa adabu.

"Mama, hapa alizikwa nani?"

Ufagio ulimponyoka Everlyne. "Babako, Rachel. Hudson. Si ndovu walimkanyaga kule shambani? Wewe mwenyewe ndiye uliyepiga mayowe."

"Pole sana," Rachel alisema. "Sikujua kama ulikuwa na mume."

Saa sita mchana, jua likiwa wima, Everlyne alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Gibson alisikiliza, akainuka, akafunga mlango kwanza.

"Mama Rachel, usiniulize," alinong'ona. "Mimi sijaajiri mtu. Nasikia tu wanafunzwa. Kule stoo hata sikanyagi."

"Na umenyamaza?"

"Ningemwambia nani? Wale walioshindwa kuleta wa kawaida?"

Everlyne akaenda mwenyewe. Alizunguka nyuma ya jiko la shule, iliko stoo, na kabla hajafika alisikia sauti, si ya mwanamume wala ya mwanamke, ikifundisha taratibu na vizuri, na alikuwa amesikiliza kitambo alipotambua kilichokosekana ndani yake, kwamba sauti ile haikuwahi kukatika ili kuvuta pumzi. Akachungulia dirishani na kuona watoto wameketi wima, macho hayapepesi, na mbele yao koti jeupe la Titus limesimama likiandika ubaoni, limemgeuzia mgongo. Basi akazunguka jengo zima mpaka dirisha la upande wa pili ambako alipaswa kuuona uso, akachungulia tena, na huko nako akaukuta mgongo, koti lile lile, kisogo kile kile chenye nywele zilizoungua, na ndipo chaki ikaacha kukwaruza na watoto wote wakageuza shingo kwa pamoja wakamtazama, hata Rachel wake, kama mtu anavyomtazama mpita njia.

Alikimbia. Hakuona haya kusema alikimbia.

Kesho yake alimleta Mzee Mwinyihaji kutoka Voi, mtoa majini ambaye hata Wakristo wa milimani humwendea kimyakimya. Wazazi walikusanyika nyuma ya jiko. Mzee aliwasha ubani kwenye chetezo, akaenda nacho hadi dirishani, akasikiliza ile sauti iliyoendelea kufundisha, akarudi ameloa jasho.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuta kiti kitupu, akakaa. Lakini kila asomeshalo latafuta pa kukaa, na lililokuwamo latolewa. Nikimtoa sasa hivi, watoto watarudishiwa yao, na masomo yake ataondoka nayo. Mkinambia nirudi baadaye, sitakuwa na cha kuwarudishia."

Thadeus, mwenye duka, alikohoa. "Mzee, ukimtoa huyu, utatuletea mwingine?"

"Mimi natoa majini, baba. Siajiri walimu."

Thadeus akasema mwanawe hakuwahi kujua hesabu ya kugawanya, na sasa anajua. Mwingine akanong'ona kwamba kusahausahau ni jambo la watoto wote.

"Anayetaka jini huyu atoke, na ainue mkono," Mwinyihaji alisema.

Hakuna aliyeinua. Wote walimgeukia Everlyne, aliyemwita mzee. Wakati huo huo sauti ya Rachel ilisikika kutoka darasani, ikieleza somo bila kigugumizi, sauti ya mtu atakayekwenda mbali. Hudson ameshakufa, Everlyne alijiambia. Nitamkumbuka mimi kwa niaba yetu sote wawili. Mikono yake ilibaki ndani ya leso.

"Amalizie tu mwaka huu," alisema, na aliona aibu papo hapo, aibu iliyomchoma kifuani.

Mzee alizima chetezo. Hakubishana, wala nauli hakuipokea. "Mungu awasitiri," alisema, akapanda bodaboda iliyomleta.

Kengele ya jioni ilipolia, watoto walitoka kwa mstari. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyecheka. Everlyne alisimama langoni, na Rachel alipofika mbele yake alisita kwa heshima.

"Habari ya jioni, mama. Umekuja kumchukua mtoto?"

"Ndiyo," Everlyne alisema.

"Wa gredi gani?"

"Ya Saba."

"Basi ni mwenzangu!" Rachel alitabasamu. "Nitajie jina lake nikuitie."

Everlyne alilitaja, akalirudia, mara ya pili akilia.

Rachel aliwaza kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hatuna mtu wa jina hilo, mama."