Kitambaa Kilichokataa Kuungua

Upepo ulivuma kuelekea mlimani, lakini kitambaa cheusi kilichonasa kwenye nyaya za umeme kilipepea kuja upande wao.

Miale alikitazama kwa darubini ya mashine yake. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu ya kazi: alikuwa akisimamisha leza, mashine ya mwanga mkali, chini ya laini kubwa za umeme na kuchoma takataka zilizonasa juu, nailoni, nyavu, nyuzi za tiara, bila mtu kupanda mnara wala umeme kuzimwa. Kwa miaka minne hakuna uchafu uliomchukua zaidi ya robo saa.

"Tufanye haraka, dada," dereva wake alisema. "Mawingu hayo si ya mchezo."

Alijua. Kitambaa kikilowa, kingeunganisha nyaya mbili na laini nzima ingezimika, na laini ile ndiyo iliyolisha hospitali.

Akabonyeza. Doa la kijani likatua kwenye pindo. Moshi ukatoka, kisha harufu ikashuka, na haikuwa ya nguo. Ilikuwa ya nywele na ngozi. Kitambaa hakikupungua hata uzi.

Simu ikaita mfukoni. Mama yake.

"Mwanangu, mkono wangu umeungua. Nimekaa tu sebuleni, sijagusa moto."

Kidole cha Miale kikaruka kutoka kwenye kitufe. Juu kule nyaya, ambazo siku zote huvuma kwa sauti moja, zilianza kuvuta pumzi na kuishusha, polepole, kama mtu aliyelala chumba cha pili, na kutoka kwenye redio ya gari, iliyokuwa imezimwa, ikatoka sauti ya kike, laini, isiyo na haraka yoyote: "Ukiniacha, nitamwacha."

"Umesikia?" dereva akanong'ona. Alikwisha shika funguo za gari. "Dada, hilo ni jini. Twende zetu. Tuseme mashine imeharibika."

Miale alimweleza mama yake kila kitu, kwa sauti ya chini, mgongo ukiwa umeielekea laini. Mama alikuwa amefanya kazi ya ukunga miaka arobaini kabla ya kustaafu. Alisikiliza bila kumkatiza.

"Wodi ya wazazi iko kwenye laini hiyo?"

"Iko, mama. Na chumba cha watoto njiti."

"Sasa unangoja nini?"

"Mama, utaungua!"

"Nitaungua mkono. Weka simu kwenye spika, uiinue. Nataka linisikie."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya mashine. Miale akaiinua simu kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kwa wa kulia, na doa la kijani likatulia katikati ya weusi ule uliojikunja na kujikunjua, ukatoa kitu kama shingo, kisha kitu kama uso usio na macho uliomgeukia yeye peke yake, huku ile harufu ikimjaa kooni na dereva akisoma dua zote alizozijua na nyingine za kubuni, na ndani ya simu mama yake akiguna kwa maumivu, akivuta pumzi, akiendelea kusema kwa sauti ileile aliyotumia kuwafukuza waume walevi mlangoni mwa wodi.

"Wewe uliye juu huko! Nimepokea watoto huku wenzako wakinguruma dirishani, na sikuwaachia hata mmoja. Mkono wangu huu hapa. Ukiumaliza, nina mwingine. Choma, mwanangu! Usitoe kidole!"

Hakutoa. Alilia, lakini hakutoa.

Kitambaa kikapiga ukelele mmoja mwembamba, kikashika moto chote kwa pamoja, kikadondoka, kikawa majivu kabla hakijafika chini. Mvua ikamwagika. Taa za hospitali, ng'ambo ya barabara, hazikufifia hata kidogo.

Jioni Miale alimkuta mama yake sebuleni, akinywa chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na malengelenge matano marefu, yamezunguka kama vidole vya mtu aliyeng'ang'ania asivutwe.

"Unauma?"

"Unauma sana." Mama akaweka kikombe chini. "Kesho una laini ipi?"

"Ya bondeni. Wameripoti vitambaa viwili. Vyeusi."

Mama akamsukumia simu yake mezani.

"Basi nichajie hii."