Habari ya Mgongo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Eliane alichota maji, akafagia ua, kisha akamfunga bibi yake vifungo vya blauzi. Bibi Agathe, ambaye wajukuu walimwita Koko, aliugua baridi yabisi tangu Eliane hajazaliwa. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa, na mtaani Kilibula hakuna aliyemshinda kwa utani.

Ugonjwa ule ulipoingia kwenye mifupa ya kiuno na mguu mmoja ukafa ganzi, alipelekwa Bukavu kupasuliwa mgongo. Alirudi akitembea mwenyewe, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Hata hivyo daktari alikuwa amemwonya kwamba mwenye baridi yabisi hupona taratibu, na baadhi ya dawa zake hupunguza nguvu za mwili za kupambana na vijidudu. Kidonda kikibadilika tu, aseme upesi.

Kwa hiyo Pontien, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani, alimpigia simu mara kwa mara. Eliane ndiye aliyeishika simu, maana vidole vya bibi havikuweza kubonyeza.

"Mama Agathe, habari ya mugongo?"

"Muzuri sana, docta. Na weye? Na batoto? Na batu ba kwenu bote?"

Salamu ziliendelea hadi Pontien akacheka na kuaga. Bibi Agathe alilelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri akiulizwa habari hujibu nzuri, hata kama nyumba inaungua.

Jumamosi moja, akifua nguo ziwani, Eliane aliona doa la manjano kwenye gauni la kulalia la bibi. Lilikuwa na harufu mbaya. Alirudi mbio nyumbani, akamshika bibi mkono, akaukuta una moto.

"Koko, kidonda inatoka usaha."

"Najua. Nyamaza," alisema bibi. "Bakijua, batanirudisha ku hopitali, na mwisho wa mwezi Nicole anaolewa. Ni kitinda mimba wangu. Minye sitaki bamuoze nikiwa mu kitanda."

Eliane aliogopa. Kusema kulikuwa kumkosea bibi heshima, na kunyamaza kulikuwa kumwacha aungue kwa homa. Jioni hiyohiyo simu ikaita.

"Mama Agathe, habari ya mugongo?"

"Muzuri sana, docta."

"Haiko muzuri, docta," alisema Eliane. "Kidonda inatoka usaha, na mwili iko moto."

Bibi alimkazia macho. Hakuna aliyewahi kumkatiza katikati ya salamu.

"Ni kweli, mama?" aliuliza Pontien.

Bibi aliitazama simu mkononi mwa Eliane. Kisha akajibu polepole, "Iko mubaya kidogo."

Pontien alifika kabla ugali haujaiva. Alikitazama kidonda, akazungumza na daktari wa Bukavu kwa simu, na bibi akapelekwa hospitali ya mjini kwao. Kidonda kilisafishwa, akaanzishiwa dawa za kuua vijidudu. Daktari alisema bahati yao ni kwamba vijidudu vilikuwa bado juujuu, havijafika kwenye mifupa.

Kwa siku nzima bibi hakumsemesha Eliane. Kesho yake asubuhi alimwita kitandani.

"Njoo unifunge vifungo, weye mwenye mudomo murefu," alisema, na wote wawili wakacheka.

Siku ya harusi Bibi Agathe aliingia uwanjani kwa miguu yake, kitenge kipya kiunoni. Alicheza kwa mabega tu, mgongo ukiwa wima kama alivyoagizwa, na Nicole akalia kwa furaha. Eliane alijiona mrefu kuliko siku zote.

Pontien, aliyekuwa mgeni pale, alimwita karibu. "Binti, 'muzuri' ni adabu ya mulangoni. Muganga akiuliza habari, anataka ukweli, kwa sababu hawezi kutibu asichokijua. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Docta, usitaje kilio mu ndoa ya mutoto wangu," alisema bibi.

Wakati huohuo shemeji ya bibi kutoka kijiji cha Mutarule akafika, mikono wazi. "Mama Agathe, habari ya mugongo?"

"Muzuri sana."

Meza nzima ikageuka kumtazama Eliane.

"Leo ni kweli," alisema Eliane. "Iko muzuri."