Unga Katika Mchuzi wa Mzee Khiem

Kila siku kabla ya chakula cha mchana, Bibi Thoa alishuka kwenye baiskeli mbele ya makao ya askari waliojeruhiwa vitani. Mumewe, Mzee Khiem, aliishi humo. Tangu apatwe na kiharusi, upande mmoja wa mwili wake ulilegea, kula kukawa kazi, na homa ya mapafu ikawa inamrudia kila mara.

Thoa hakuliamini jiko la makao yale hata kidogo. Zamani, enzi za chakula cha mgawo, alikula wali uliojazwa mihogo mpaka mchele ukawa wa kutafuta. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Siku moja alichungulia dirisha la jikoni. Akamwona Nhan, mwuguzi anayesimamia chakula cha wazee, akikoroga unga mweupe kwenye bakuli la Khiem.

"Leo nimewakamata!" alisema moyoni. Akaenda mbio chumbani. Kwenye kitanda cha pili alilala Mzee Luc, askari wa mguu mmoja aliyepigana pamoja na Khiem.

"Shemeji, unajua wanachotulisha? Nyama wanakula wao, sisi tunatiliwa unga!"

"Mimi sijatiliwa unga," Luc akacheka. "Labda mumeo wanamtengeneza andazi."

"Cheka tu. Ukikonda utanikumbuka."

Bakuli lilipoletwa, Thoa alilisukuma kando. Kama siku zote, akatoa wali aliokuja nao kwa siri, akaumiminia mchuzi mwepesi wa mboga na ukwaju. Kwao, wali wa mgonjwa hutiwa mchuzi mpaka uelee, ili uteleze kooni. Khiem alikuwa amejilaza kwenye mito. Thoa akamlisha harakaharaka, asije akaonekana.

Khiem akapaliwa. Akakohoa, kisha kikohozi kikakatika ghafla. Midomo yake ikaanza kuwa ya bluu. Thoa akapiga yowe.

Nhan akaingia mbio. Akamwinamisha mzee mbele, akampiga kwa kiganja mgongoni, katikati ya mabega. Punje za wali zikamtoka. Khiem akavuta pumzi.

Nhan akalitazama bakuli la Thoa. "Kumbe ndiyo maana homa ya mapafu haimwachi!"

"Usinigeuzie kibao! Wewe ndiye unayemtilia unga. Nimekuona!"

"Ndiyo, bibi, ninautia. Njoo nikuonyeshe."

Jikoni, Nhan aliinamisha sahani. Akaweka juu yake kijiko cha mchuzi wa Thoa. Ukatiririka mara moja. Akaweka kijiko cha mchuzi wenye unga. Ukateremka polepole.

"Koo la babu linachelewa kumeza," alisema. "Mchuzi mwepesi unamwahi, unaingia njia ya hewa. Ukichanganya na punje za wali, ndiyo hatari zaidi. Unga huu unafanya mchuzi uwe mzito, apate nafasi ya kumeza."

"Na nyama iko wapi?"

"Imesagwa humohumo."

"Saga nyingine nione."

Nhan akasaga mbele yake. Thoa akaonja, akaonja tena. Nyama ilikuwamo.

"Nusura nimuue kwa mkono wangu," alisema, machozi yakimtoka.

"Tulipaswa kukueleza mapema, bibi. Hilo ni kosa letu. Mketishe wima. Tumia kijiko kidogo. Ngoja ameze, ndipo uongeze. Akimaliza asilale; akae nusu saa. Na mchuzi wako ulete tuutie unga, maana anaupenda."

Tangu siku hiyo Thoa alipitia jikoni kwanza. Lakini alisimama palepale akikodoa macho, na Nhan akigeuka tu, alionja. Nhan alimwacha. Homa haikurudi, na mashavu ya Khiem yakaanza kujaa. Daktari akaruhusu ale ukumbini na wenzake.

Siku ya kwanza ukumbini, hakuna aliyegusa chakula. Mezani kwao mdogo haanzi kabla ya mkubwa kukaribisha, na mkubwa wa meza ile alikuwa Khiem. Tangu augue, sauti yake ilikoroma kama iliyojaa maji, kwa mchuzi uliokuwa ukimkwama kooni. Wenzake walingoja. Thoa alishika ukingo wa meza kwa hofu.

"Jamani," Khiem alisema, taratibu, kwa sauti iliyotakata. "Karibuni tule."

"Tule, kaka!" wazee wakaitikia kwa kishindo.

Thoa alifuta macho yake, akachota kijiko kidogo cha mchuzi, akamlisha mumewe, kisha akangoja ameze.