Mchumba Wangu Alinisemea kwa Dokta, Mimi Nikiwa Getini

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Kondoa, mkazi wa Kibaigwa, na kazi yangu ni kununua na kuuza mahindi. Sina mume, sina mtoto. Hilo la mtoto naomba mliweke akilini, maana wapo watu waheshimiwa walioamini kwamba ninaye.

Nilikulia sokoni. Biashara ya mahindi ilipoachiwa huru, na mtu yeyote mwenye lori akaweza kuja kununua, baba alihamia Kibaigwa na bambo lake, kile chuma cha kuchomea gunia ili uone mahindi ya katikati, siyo yale mazuri uliyopangiwa mdomoni. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilihesabu magunia yakipanda lori, nikayahesabu tena yakishapanda. Wapagazi walinitania wakiniuliza kama na vidole vyangu nimevihesabu. Niliwajibu kwamba vyangu vimetimia, ninavyovihofia ni vyao.

Baba alikuwa na sharti moja kubwa. Dalali wako akizungumza na mnunuzi, simama palepale usikie kila neno. Usiende kunywa chai. Usijifanye una aibu. Ukirudi utakuta mali yako imeshauzwa kwa maneno usiyoyajua.

Sharti hilo nililishika kwa mahindi miaka yote. Kwa maisha yangu mwenyewe... sikulishika!

Nilifaulu masomo nikaingia chuo kikuu kimoja hapa nchini kusomea lugha. Nilipomaliza mwaka wa pili, wakati wa likizo, nilipata kibarua cha ukalimani kwa Wahispania waliokuja kuchimba visima vijijini Dodoma. Wao Kiswahili hawajui, mimi Kihispania sijui, tukasaidiana kwa Kifaransa kibovu cha pande zote mbili. Wakanipenda. Wakasema wana nafasi ya mwaka mzima ya kusoma Kihispania katika chuo kikuu cha kwao, gharama zote juu yao. Nilibishana nao kidogo mpaka wakaongeza na koti la baridi.

Kilibaki kitu kimoja tu. Je, chuo changu kitaukubali mwaka huo? Yaani masomo ya Hispania yahesabiwe kuwa mwaka wangu wa tatu, nikirudi nibakize mmoja nichukue shahada. Yakihesabiwa, nimepata. Yasipohesabiwa, nimekwisha. La katikati halikuwepo.

Mwenye neno alikuwa Mkuu wa Idara yetu, nitamwita Dokta. Likizo ile alikuwa nyumbani kwake Dodoma mjini, mtaa wa Area C. Nami nilikuwa na mchumba, Shabani, karani wa ofisi moja pale mjini, anakaa Chang'ombe. Mpole, shati limenyooka, anawaamkia watu shikamoo hata wale aliowazidi umri. Baba alikuwa amekwisha kupokea posa yake.

Nilipomwambia nakwenda kwa Dokta, Shabani alishtuka. Alisema binti hawezi kwenda peke yake nyumbani kwa mwalimu wa chuo, watu watasema anafuata maksi kwa mlango wa nyuma. Mambo mazito yana mshenga wake, akasema. Yeye ndiye atakayenisemea.

Mnajua jambo hilo linavyoingia akilini kwa watu wa kwetu? Hata posa bwana harusi haipeleki mwenyewe. Anakaa nyumbani, wanakwenda watu wazima kumsemea. Nikaona ni heshima. Nikakubali!

Tulikwenda asubuhi. Shabani aliingia ndani, mimi nikakaa juu ya jiwe nje ya geti. Niliwaona vizuri barazani, lakini upepo wa Dodoma mnaujua, haukuniachia neno hata moja.

Shabani aliongea kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Nikamwona Dokta ameshika tama. Akatikisa kichwa. Kisha mke wake akatoka, akaambiwa kitu, akanitazama usoni... halafu tumboni. Nikadhani ameona vumbi kwenye sketi yangu. Nikajipangusa.

Mwishowe Dokta akasimama, akanipungia mkono polepole, kama mtu anayeaga gari la msiba.

Mkono ule, wasomaji, mpaka leo naukumbuka. Mtu anayekuruhusu kwenda kusoma Ulaya anakupungia vile?

Shabani akatoka anatabasamu. "Yamekwisha," akaniambia. "Mwaka wako utahesabiwa. Nenda kasome."

Nikamwuliza Dokta amesema maneno gani hasa.

"Mbona kila kitu unataka kukipima mara mbili? Mimi ni gunia?"

Nikacheka. Nilicheka, jamani!

Nikaenda. Mji wenyewe ulikuwa juu uwandani, mkavu, mawe na upepo, kama Dodoma iliyowekwa kwenye barafu. Nilisoma kwa bidii. Sokoni kwao nilipunguziwa bei ya viatu kwa Kihispania kabla sijajua kuomba maji kwa adabu. Walimu wakaniwekea alama za juu, na kila nikipata alama nilihesabu moyoni: hii imeingia, na hii imeingia.

Tulikuwa na Mkenya mmoja, Akinyi. Siku moja tukiwa jikoni aliniuliza chuo changu kimekubali somo lipi lihesabiwe badala ya lipi. Yeye alikaa na walimu wake kabla hajaondoka, wakapanga somo kwa somo. Ndivyo inavyotakiwa, akasema, mnakubaliana kabla ya kuondoka, siyo unabeba alama zako na kwenda kubisha nazo hodi mlangoni.

Nikamwambia mchumba wangu alishughulikia.

"Kwani mchumba wako ndiye anayesoma?" akauliza.

Sufuria iliungua mikononi mwangu siku hiyo. Mimi nilizoea mahindi. Mahindi unayavuna, unayaleta sokoni, yanapimwa yakishafika. Kumbe masomo yanapimwa kabla hayajapandwa?

Nikampigia Shabani simu ofisini kwake. Akanituliza. Akanionya nisimtafute Dokta, maana nikipita pembeni ya mshenga mzee ataudhika na kubadili neno lake. Kisha akauliza kama sasa naweza kuzungumza na Mhispania bila kusita. Nikasema naweza. Akafurahi sana... kuliko nilivyotegemea.

Niliporudi alinipokea stesheni ya Dodoma, akanipeleka moja kwa moja Mkonze, pembezoni mwa mji. Alikuwa amejenga vyumba viwili, mabati bado yanang'aa. Ukutani kuliegemezwa kibao kipya cha ofisi ya kuongoza watalii na wageni. Jina la mkurugenzi ni lake. Langu halikuwepo. Chini paliandikwa kwamba hapa Kihispania kinazungumzwa.

Nikauliza nani anakizungumza. Akacheka, akasema mama mwenye nyumba. Nikamwambia chuo kinafunguliwa karibuni. Akasema nipumzike kwanza, shahada haikimbii.

Kesho yake nikaenda Area C peke yangu, bila mshenga. Geti lilelile, jiwe lilelile. Safari hii nikaingia.

Mke wa Dokta alinikumbuka mara moja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili.

"Karibu mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Mtoto gani, mama?"

Akaziba mdomo. Machozi yakamlenga. "Maskini... basi pole. Pole sana."

Yule mama alinipa pole ya msiba wa mtoto ambaye hakupata kuzaliwa wala kutungwa! Dokta akaja, akaniketisha, na neno kwa neno nikasikia mambo yaliyosemwa barazani mimi nikijipangusa vumbi. Kwamba nina mimba. Kwamba nimeamua kuacha chuo nikaolewe. Kwamba naona aibu kuingia, ndiyo maana nimebaki nje. Kwamba naomba nifutwe kimyakimya, na mtu yeyote asinitafute kunihoji.

Dokta alinihurumia. Kwa huruma ile akanifuta.

Habari za Hispania hakuwahi kuzisikia. Nilipompa alama zangu alizitazama kwa muda mrefu, akasema ni nzuri mno, na kwamba angeulizwa mapema angekubali mwaka ule bila ubishi. Alinipigania chuoni, hilo namshukuru. Lakini nafasi yangu ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na mwaka wa nje hauhesabiwi kwa mtu ambaye wakati huo hakuwa mwanafunzi. Nikitaka, nianze upya mwaka wa kwanza. Yaani shehena nzima, safi, kavu... na hakuna pa kuishushia.

Nilirudi Mkonze. Shabani hakukana. Alisema kwa upole wake uleule kwamba ningepata shahada ningemwona karani si kitu. Bila shahada ningekaa naye, na Kihispania changu kingetulisha sote wawili.

"Nilifanya kwa ajili yetu," akasema. "Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa palepale getini, mbona hukuingia?"

Wasomaji, kati ya yote aliyonitendea, hilo ndilo lililoniuma kupita yote. Nikavua pete, nikaiweka juu ya kile kibao, nikaondoka kwa miguu.

Baba nilimkuta sokoni anashona midomo ya magunia. Mwaka mzima alikuwa amewatangazia madereva wote wa barabara ya Dar es Salaam kwamba binti yake anarudi kuchukua shahada. Nilimsimulia nimesimama. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulisikia alichokuwa anasema?"

"Sikusikia, baba."

Hakunigombeza. Aliinamia gunia lake akaendelea kushona, na sindano ikawa inamponyoka kila mara. Hakuwatajia tena madereva habari za chuo. Nao, kwa adabu isiyo kawaida yao, hawakuuliza.

Kuanza upya sikuweza. Baba aliugua macho, na mtu wa kusimama sokoni nilikuwa mimi.

Dada zangu, wadogo zangu mnaokwenda kusoma nje, nawasihi. Kabla hamjapanda ndege, nendeni wenyewe kwa walimu wenu, mkaulize kwa vinywa vyenu masomo yenu yatahesabiwaje, na mlisikie jibu kwa masikio yenu. Anayekupenda atakusindikiza mpaka ndani. Anayekwambia ubaki getini, mwulize anaficha nini. Watakuita huna haya? Acha wakuite! Mimi nilikuwa na haya, na tazameni ilikonifikisha.

Bado nahesabu kila gunia mara mbili. Mara ya kwanza kwa Kiswahili, mara ya pili kwa Kihispania, kimoyomoyo, kisinipotee. Hesabu zinalingana kila siku. Na dalali wangu akianza kuongea na mnunuzi, huwa nasogea mpaka bega langu linamgusa. Analalamika kwamba namnyima hewa.

Namwambia aendelee kuongea, ila kwa sauti.