Bega la Aldemar Latafutwa kwa Sauti

Aldemar Solarte hupaka kuta chokaa. Mji wa Popayán ni mweupe, na weupe huo haujipaki wenyewe. Asubuhi moja alikuwa akipaka ukuta wa nyumba yake. Mkewe, Nubia, alikuwa jikoni akichemsha maji ya sukari guru. Dirishani alimwona mumewe akipaka vizuri mpaka usawa wa bega. Kisha akahamishia brashi mkono wa kushoto.

Nubia ni mtu wa kutaka kujua. Cherehani ikigoma, huifungua kwanza, fundi huitwa baadaye. Akatoka na kikombe mkononi.

"Tangu lini umekuwa mashoto?"

"Nabadilisha tu. Mkono nao una haki ya kupumzika."

"Vua shati."

"Mbele ya majirani?"

"Majirani hawa wamekuona uchi tangu unatambaa. Vua."

Akavua. Bega la kulia lilikuwa limeshuka. Mfupa wake wa nyuma umetokeza mgongoni kama bawa la kuku aliyenyeshewa. Nubia akamwambia ainue mkono. Mkono ukapanda mpaka usawa wa bega, ukatetemeka, ukarudi chini.

"Ni tangu Juma Kuu, sivyo?"

Aldemar akachukua kikombe, akanywa.

Kila Juma Kuu, kabla ya Pasaka, wanaume wa mji ule huandamana wakibeba majukwaa mazito yenye sanamu za watakatifu. Mti wa kubebea hulala begani, na nafasi chini ya mti huo baba humwachia mwanawe. Bega likifanya sugu, sugu hiyo ni fahari. Mbebaji akizidiwa anaweza kuomba mto wa kuweka begani, lakini aombaye mto huchekwa mpaka na wajukuu zake. Mwaka ule shingo ya Aldemar iliwaka moto mapema njiani. Akauma meno. Hakuomba mto.

"Ningeomba, binamu yangu Wílmar angenitungia wimbo," alisema.

"Heri wimbo kuliko bawa la kuku," Nubia akajibu.

Walianza kwa mzee Evaristo, mchuaji wa viungo. "Bega limetoka mahali pake," alisema, akamkandamiza kwa dole gumba pembeni ya shingo. Aldemar alirudi nyumbani maumivu yamezidi. Wakaenda zahanati, akapigwa eksirei. Mifupa ilikuwa mizima.

"Umeona? Mkono uko salama," Aldemar akasema.

"Salama gani? Mkono hauwezi hata kukuna kichwa chako."

Muuguzi aliwasikia wakibishana, akawaelekeza kwa daktari Yamile Ordóñez, bingwa wa misuli na mishipa ya fahamu.

Daktari Yamile alimwambia Aldemar apandishe mabega, kama mtu anayesema "sijui". La kushoto likapanda. La kulia likabaki nyuma.

"Eksirei huonyesha mifupa," alisema. "Mimi natafuta mshipa wa fahamu. Ndio unaopeleka amri ya ubongo kwenye msuli. Tutautafuta kwa ultrasaundi."

"Ile ya wajawazito?" Nubia akauliza.

"Ileile."

"Haya, mume wangu, ukitoka na mapacha tutawalaza wapi?"

Aldemar akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi.

Daktari alimpaka ute wa baridi, akatelezesha juu yake kifaa kidogo kama kipande cha sabuni. Skrini ikajaa vivuli. Nubia akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda.

"Kinaonaje ndani bila kupasua?"

"Kinatoa sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inaingia, inagonga nyama, inarudi. Mashine inachora mwangwi wake. Haiumi, wala haina mionzi."

"Na mshipa uko wapi? Mimi naona mawingu tu."

"Tuanze na mnene." Daktari akaweka kifaa kwenye mkono, chini ya kiwiko. Skrini ikaonyesha duara lenye vitobo vidogo, kama sega la asali. "Huu ni mshipa wa fahamu, mzima kabisa. Bwana Aldemar, chezesha vidole."

Vidole vikacheza. Pembeni ya duara, vitu vyeupe vikateleza huku na huku.

"Hizo zinazokimbia ni kano," daktari akasema. "Sasa twende shingoni. Mshipa wa pale ni mwembamba kama uzi."

Akaanza na upande wa kushoto. Nukta ndogo, nadhifu. Akahamia kulia, akaifuata nukta mpaka karibu na pale mti hulala. Nukta ikawa nene na nyeusi.

"Mshipa umenenepa," Nubia akasema kabla daktari hajafungua kinywa.

"Umevimba, kwa sababu ulibanwa. Lakini naufuata juu na chini, naona haujakatika. Na tazama msuli: wa kulia umekonda kuliko wa kushoto. Haupati amri. Kano za bega ni nzima, na bega halikutoka mahali pake."

"Na kuchuliwa kwa mzee Evaristo?"

"Alikanda jeraha. Pasiguswe tena. Tutaongeza kipimo cha umeme, kituambie mshipa unafanya kazi kiasi gani. Picha peke yake haisemi yote."

Aldemar alikaa kitandani, ute ukimtiririka shingoni. "Na nikibeba mwaka ujao? Nafasi ile ni ya baba yangu."

"Ukiubana tena, huenda usipone. Wewe unakula kwa brashi. Chagua."

Jioni Wílmar alipopita nyumbani kwao, alianza na kejeli, kama kawaida yake.

"Nasikia umepimwa mimba."

"Nimepimwa," Aldemar akasema. "Mdogo wako achukue nafasi yangu. Mimi sibebi tena."

Wílmar akataka kucheka. Akamtazama Nubia, akamtazama binamu yake, kicheko kikafia njiani. Akakaa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo mashine... inauma? Maana vidole vyangu hufa ganzi."

"Haiumi," Nubia akasema. "Kesho nakupeleka mwenyewe. Nataka kuona na mishipa yako."

Aldemar alipumzisha bega, akafanya mazoezi aliyofundishwa. Miezi ikapita, mkono ukiwa uleule, akakata tamaa mara nyingi. Nubia akamsukuma. Waliporudi kwa daktari, uvimbe ulikuwa umepungua, na msuli umeanza kujaa.

Kwaresima ikafika, mji mzima ukaanza kupakwa chokaa. Aldemar alikuwa juu ya ngazi, akipaka ukanda ulio chini ya paa, wakati kundi la wabebaji lilipopita.

"Solarte! Mwaka huu umestaafu?"

"Mwaka huu nawapakia ukuta mtakaopita mbele yake," akajibu. "Msiuguse, haujakauka."

Akachovya brashi, akaipandisha mpaka ikagusa vigae. Kwa mkono wa kulia.