Timu Arobaini za Kushuka Daraja

Gari jekundu lilikata kona bila kuwasha taa. Corliss Haugen akakanyaga mafuta, Ford yake ikanguruma.

Simu ikalia. Bosi wake, Denholm.

"Unamwona?"

"Namwona mpaka kisogo."

"Zimebaki dakika kumi na tisa. Saa sita kamili mchana kompyuta ya mchezo inapanga madaraja upya."

Corliss akakata simu.

Watu laki mbili walicheza mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Denholm, kila mmoja kocha wa timu moja ya kikapu ya chuo. Royce Pelkey alikuwa na timu arobaini za daraja la kwanza, kwa majina ya uongo. Msimu mzima alikuwa akizifungisha makusudi. Zikipoteza mechi ya leo, zingetumbukia hadi daraja la tatu na kuwakung'uta walimu wastaafu na madereva wa malori wanaocheza kujifurahisha. Wangeukimbia mchezo. Kampuni pinzani, iliyomtuma Pelkey, ilikuwa inawasubiri.

Gari jekundu likasimama mbele ya maktaba ya mji wa Vincennes. Pelkey akaingia, kompyuta kwapani.

Corliss akamfuata. Hakukimbia. Maktabani hawakimbii.

Alimkuta meza ya nyuma, akiingiza wachezaji wabovu kikosini, timu moja baada ya nyingine. Akaketi mbele yake. Bastola yake ya Glock ilimchoma ubavuni. Hakuigusa.

Akatoa kidude kama kiberiti. Akabonyeza.

Intaneti ya maktaba ikafa.

"We mama! Umefanya nini?"

"Funga kompyuta, Royce. Vikosi hujavituma bado; usipovituma, kompyuta ya mchezo inachezesha mahiri wako."

Pelkey akacheka kwa uchungu. "Kumbe jina langu mnalijua! Misimu sita nilikuwa daraja la tatu, na katimu kangu kamoja. Vigogo wanajishusha makusudi, wananipiga pointi themanini. Nikawaandikia nyie. Kimya! Hao wengine angalau walipokea simu."

Corliss akatazama saa ya ukutani.

Saa sita. Simu.

"Zimeshinda zote!" Denholm alipiga kelele. "Zimebaki juu! Mlete huyo mshenzi."

"Namleta. Ila andika: timu iliyotoka daraja la kwanza isiguse la tatu. Kamwe."

"Amri ya nani hiyo?"

"Ya kocha wa daraja la tatu."

Pelkey akainua uso.

"Nyanyuka, Royce. Ukawaambie mwenyewe."

Akavaa miwani ya jua, akatangulia kutoka. Hakugeuka kuangalia kama anafuatwa.

Alikuwa anafuatwa.