Gobore la Mjane wa Hilliard

Jumamosi moja ya mwaka 2015, Telesphory alirudi Louisville akitokea Hilliard, kule Columbus, na gobore kuukuu kwenye buti la gari. Alikuwa fundi mitambo, mtu wa Bukoba, na starehe yake ilikuwa kufufua bunduki za kushindilia, kisha kwenda kulenga shabaha na wenzake. Mjane aliyemuuzia hakutaka hata kuligusa.

Gerejini, mkewe Leokadia akimtazama, alianza kwa kupima mtutu. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, uligota kabla ya kufika mwisho. Kumbe gobore lilikuwa bado limeshindiliwa baruti na risasi. Kwa bunduki za zamani hilo hutokea. Akalowesha baruti kwa maji, akafunga parafujo kwenye ncha ya mdeki, akavuta taratibu. Ikatoka risasi ya duara, imezungushiwa kitambaa.

Kitenge cha bluu. Kipya.

Leokadia alikishika. Akaenda chumbani, akarudi na gauni lake. Ubavuni palikuwa pamekatwa duara.

Telesphory alilisafisha gobore, akalifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo akauvaa shingoni. Jumapili, walipotoka kanisani, akalipima tena.

Mdeki ukagota palepale.

Akampigia simu yule mjane. Hakuonyesha kushangaa. Alisema marehemu mumewe naye alikuwa akiitoa risasi hiyo kila siku, miaka nenda rudi.

"Siku aliyougua hakuitoa," alinong'ona. "Haikumngoja apone."

Telesphory hakuthubutu kuivuta tena risasi, asije akafungwa na kazi hiyo maisha yote. Alijaza maji mtutuni, akalifunga gobore kwenye blanketi, akalipeleka kwa rafiki yake Rugaba, mwenye karakana ya kukata vyuma. Leokadia alikataa kubaki nyumbani peke yake. Akakaa kiti cha mbele.

Walipofika, Rugaba alifungua blanketi. Gobore kavu. Nyundo yake imeshuka, kama ya bunduki iliyofyatuliwa. Akaingiza mdeki, ukazama wote. Mdomo wa mtutu ulikuwa ukifuka moshi.

"Mmesikia mlio?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Hawakusikia. Leokadia alisema alihisi baridi tu ubavuni, pale njiani.

Gobore likakatwa vipande siku hiyohiyo. Baadaye wakahamia Buffalo, mtaa wa Black Rock, na huko kikohozi kikampeleka Leokadia hospitali. Daktari aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu, kisha akamuuliza alipigwa risasi lini.

Hakuwahi kupigwa. Ngozi yake haikuwa na kovu.

Walipopiga picha ya pili, risasi ilikuwa imesogea kuelekea moyoni, upana wa kidole.